Jesinta, Mkwe Aliyepika Samaki Siku ya Mfungo

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Paulosi, mdogo wake Kuruvila, mume wa marehemu, nimeombwa niwasomee maisha ya shemeji yangu, naye hakupenda nyuso za kununa, kwa hiyo atakayetaka kucheka acheke.

Marehemu Jesinta Silvesta alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 huko Chellanam, kijiji cha pwani, mtoto wa pili wa mvuvi Silvesta, akasomea ualimu Kochi, na mwaka 1979 akaja kufundisha hesabu hapa Pala, mbali na bahari, ambako kaka yangu alimwona akakosa usingizi. Walifunga ndoa tarehe 4 Mei 1981, ingawa mama yetu, Eliamma, alisema wazi, "Binti wa pwani ndani ya nyumba hii? Hata mfungo wetu haujui!"

Na kweli hakuujua. Tarehe 1 Desemba mwaka ule, tulipoanza, sisi Wakristo wa mapokeo ya Mashariki, siku zetu ishirini na tano za kutogusa nyama wala samaki hadi Krismasi, shemeji aliamka mapema ili amfurahishe mkwewe, akapika mchuzi wa samaki ulionukia mtaa mzima. Mama akafunua chungu. "Toba! Nani kafanya haya?" "Mama, kwetu kanisa la Kilatini, Majilio ni kuwasha mishumaa minne, kila Jumapili mmoja, samaki tunakula!" Chungu kikaenda kwa jirani yetu Madhavan, ambaye ni Mhindu, na tangu hapo kila Desemba mosi alikuwa akimwita shemeji ng'ambo ya ua, "Mwalimu, leo hupiki?" Siku ile shemeji alilia, lakini alifunga nasi mpaka mwisho, akasuka taji la majani, akachomeka mishumaa yake, na Jumapili ya tatu, zamu ya ule wa rangi ya waridi, Mama alinyoosha mkono, "Lete kiberiti, binti wa pwani."

Alijaliwa watoto wawili, Anila mwaka 1983 na Jobi mwaka 1986, na wajukuu watatu. Figo zilimsumbua tangu Machi, akafariki Jumapili tarehe 15 Desemba 2024, na nyota ya Krismasi ya karatasi, yenye taa ndani, aliyoitundika barazani inawaka bado, kwani alituonya tusiizime kwa ajili ya msiba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na wewe Madhavan, uliyekesha nasi.

Jana tulibishana tumzike pwani au hapa. Mama, mwenye miaka tisini na minne, akagonga fimbo: "Mlazeni pale nilipojiwekea kaburi, kando ya baba yenu. Mimi mtanitafutia pengine. Huyo ni mwanangu."

Basi shemeji, pumzika kwa amani, uko kwenu.