Washa ya Bati la Kopo

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, na wewe Mdomo leo ufunge huo mdomo uliokupa jina, maana pumzi niliyobakiwa nayo sitaki kuimalizia kwa kukunyamazisha. Gari likifika napelekwa hospitali kupasuliwa kifua, daktari kanieleza kwamba moyo wangu una kilango kisichojifunga sawasawa, kanieleza kwa upole, na huo upole ndio ulionitia hofu, kwa sababu mtu wa kurudi nyumbani huwa habembelezwi namna ile. Naogopa, siwafichi, mdogo wangu huyu hapa, mama yenu mdogo, ndiye anayekesha nami. Lakini kisu sikiogopi kama ninavyoogopa kwamba nikifumba macho baba yenu mkubwa ataingia kwa mlango ule na kusema gari ni la ukoo, na watoto ni wa ukoo, awabebe, na nyinyi mumwamkie na kumshukuru kwa sababu hakuna aliyewaambia. Basi nawaambia, na mkisahau mengine yote, hili msilisahau.

Baba yenu hakufa kwa mwendo wa kasi. Mlisikia msibani, kaka yake, huyo huyo baba yenu mkubwa, alisimama mbele ya jeneza, kitambaa machoni, akasema marehemu alipenda mbio, akasema alimwonya, watu wakatikisa vichwa, na mkewe, mama yenu mkubwa, akamalizia kwa sauti ya chini inayosikika kwamba wanaume wenye wake vijana hukimbilia nyumbani. Nikameza. Nilikuwa nimembeba huyu kitindamimba mgongoni, nikameza, na tangu siku ile lile tonge limekaa hapa, labda ndilo linalozuia hicho kilango kisifunge.

Baba yenu alikuwa na pikapu moja tu, ile ile, ya zamani, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, na aliipenda kuliko alivyopenda viatu vyake. Kazi zote ndogo alifanya mwenyewe na mimi nikiwa pembeni, na kupaka grisi kwenye beringi, zile gololi zinazozungushia gurudumu, ilikuwa kazi yangu, alisema viganja vyangu vidogo vinajua: unaweka bonge la grisi kwenye kiganja, unaikandamizia beringi ukingo kwa ukingo, mpaka grisi itokeze upande wa pili kama vijinyoo, ukiona vijinyoo ujue imeshiba. Tulikuwa tunacheka sana wakati ule. Mkubwa wangu, wewe unakumbuka, ulikuwa unakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa unatuimbia.

Siku gurudumu la mbele la kushoto lilipoanza kunguruma kila akikata kona, akasema hili si la uani, hili la kaka, yeye ndiye mwenye gereji, ana vyuma vya kutolea vile vikombe, yaani zile pete za chuma zinazogongewa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, ili beringi ikalie. Akampelekea. Akarudi anafurahi, ngurumo imekwisha. Lakini baada ya muda mfupi nikaliona tairi lile linacheza, kidogo tu, kama jino la mtoto linalotaka kutoka, nikamwambia baba watoto, lifungue ulitazame. Akanitazama kama niliyemtukania mama yake.

"Nikifungua kazi ya kaka," akasema, "nimemvua nguo mbele za watu."

Ndivyo walivyolelewa ukoo ule, kazi ya mkubwa haikaguliwi, ukiikagua umemwambia mkubwa wako ni mwongo, na baba yenu kwa heshima yake akawasha gari akaenda, na kwenye mteremko ule wa mawe gurudumu la kushoto likatoka pamoja na habu yake, likatangulia mbele peke yake, na gari likamlalia. Heshima si utumwa, wanangu. Waliosema hivyo walikuwa wamezika mtu.

Gari lilipovutwa likarudishwa hapa, mimi ndiye niliyetafuta kwenye nyasi za kule mtaroni, nimejifunga kanga kiunoni, natambaa kama mwehu, mpaka nikaipata. Mama yenu mdogo, wape waione. Hii. Kwenye magari ya namna ile, mbele ya beringi kuna nati mbili, na katikati ya nati hizo hukaa washa, yaani pete bapa ya chuma, nene, yenye masikio, sikio moja linakunjwa kwenye nati ya ndani, jingine kwenye nati ya nje, ili zisijifungue zenyewe gurudumu likizunguka. Sasa tazameni hii. Ni bati. Ni bati la kopo la oili limekatwa kwa mkasi, rangi nyekundu bado ipo, na masikio yake yamechanika kama karatasi. Alimfungia mdogo wake gurudumu kwa bati la kopo, mdogo wake wa tumbo moja, kisha akasimama mbele ya jeneza akasema alipenda mbio.

Mtauliza kwa nini nilinyamaza. Ningemwambia nani? Mjane kijana mwenye kipande cha bati mkononi. Angesema nimekiokota jalalani, na watu wangenionea huruma, na huruma ya watu siitaki hata leo. Nikaificha ndani ya mto wa kulalia, nikalilipia gari likanyooshwa, nikasema mtenda hutendwa, nitangoja. Nimengoja mpaka moyo umechoka.

Jana mlikuwepo uani, lakini mliona kwa macho ya watoto, ngojeni niwaelezee kwa yangu. Nilimwita baba yenu mkubwa kwa unyenyekevu, nikamtumia ujumbe kwamba shemeji yako anakwenda hospitali na gari linanguruma mbele, njoo ulitie beringi mpya. Akaja haraka. Aliingia akilitazama gari kama mtu anayetazama shamba lake. Akaja na mchomeleaji wake na yule fundi rangi, mama yenu mkubwa akaja na kiti chake, majirani wakasimama kwenye ua, nami nikatolewa nje nikakalishwa kivulini na shuka miguuni, kama bibi. Akapiga jeki, akavua tairi, akatoa habu, akagonga vikombe vya zamani vikatoka, akagongea vipya, taratibu, upande huu upande ule, jamani ana mkono mzuri, hilo simnyimi. Akapaka grisi, akatia sili ya mpira, akarudisha kila kitu, akakaza nati ya ndani huku anazungusha, akailegeza kidogo kama inavyotakiwa. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka shuka linacheza. Maana hapo ndipo. Washa iliyokuwemo masikio yake yalikatika alipoikunjua, naye angeweza kuniambia, shemeji, nitumie mtu dukani. Hakusema. Akaniangalia mara moja, akanigeuzia mgongo, mkono ukaingia mfukoni.

Nikamwacha. Akafunga, akavalisha kofia ya habu, akarudisha tairi, akashusha jeki, akajifuta mikono na kusema tayari. Ndipo nikainuka. Mama yenu mdogo alinishika nikamtoa mkono. Nikapanda mbele, upande wa abiria, nikafunga mlango.

"Panda, shemeji," nikamwambia. "Mimi na wewe, tuteremke mawe yale mpaka chini."

Akacheka. Akasema nimechoka nikapumzike. Nikamwambia kazi si imekwisha? Akasema imekwisha. Basi panda. Akapanda, maana watu wanatazama, angefanyaje, akawasha, akaenda mpaka pale ukuta unapoishia na mteremko unapoanza kuonekana, na watu wote wakifuata kwa miguu kama wanaosindikiza harusi. Akasimama. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Mimi niliangalia mbele tu.

"Shuka kwanza, shemeji," akasema. "Shuka, kuna kitu niangalie."

Hayo ndiyo maneno, wanangu. Sikuhitaji mengine. Hakuna aliyemlazimisha, mikono yake mwenyewe ndiyo iliyofungua mbele ya watu, na bati likatoka, safari hii la bluu, na mimi nikatoa lile jekundu nikaliweka kando yake kwenye boneti. Mchomeleaji wake akayatazama yote mawili, akauliza polepole, "Fundi, hata hili?" Na yeye badala ya kunyamaza akajibu kwamba mbona yote tunafunga hivyo. Yote! Jirani yetu mwenye gari la mchanga alisikia, akaondoka bila kuaga kwenda kuchukua gari lake. Asubuhi hii nimeambiwa gereji ya baba yenu mkubwa imebaki kuku watupu. Mama yenu mkubwa alikunja kiti chake akaondoka nacho kichwani. Nilicheka, iliniuma kifuani lakini nilicheka. Kisha nikakutuma wewe Mkubwa ulete washa mpya ya chuma kwenye sanduku la baba yako, nikamfanya aifunge, na wewe ukasimama juu yake unahesabu masikio.

Baadaye alikuja hapa kitandani peke yake, akapiga magoti, akaniambia shemeji nisamehe, usiende na hili moyoni. Nikamwambia siendi nalo. Naliacha kwa wanangu.

Ngoja... nipe maji. Kidogo tu.

Basi ndio mirathi yenu. Gari ni la Mkubwa, funguo ashike mama yenu mdogo, mtafute dereva wa kuajiri mpaka akue. Sanduku la spana ni la Mdomo, na usimwazime mtu. Kitindamimba apewe koti la baba yake, hata kama litamfikia kisiginoni. Mtakaa na mama yenu mdogo, si kwingine, na akija mtu na neno ukoo, mwonyesheni bati. Nisiporudi, baba yenu mkubwa asiguse jeneza langu. Na msamaha, huo sikumpa, nimewarithisha. Msimpe bure. Msimpe uani wala kitandani. Asimame pale pale aliposimama mbele ya jeneza, mbele ya wale wale, aseme ndugu yangu hakupenda mbio. Akisema, amueni wenyewe. Mimi nisingempa.

Nawabariki... mikono iko wapi, nipeni vichwa. Mdomo, Mungu akupe maneno yenye faida. Wewe mdogo, ukue usinisahau sana, kidogo tu. Mkubwa wangu, usiwe na heshima inayoua.

Gari linapanda. Mnalisikia? Ni baba yenu mkubwa anayeendesha, nimemwambia atanipeleka yeye, akae na yeye juu ya gurudumu lile mpaka chini. Msilie. Mkubwa, nenda. Kabla hawajanibeba, nenda pale mbele, kushoto, shika tairi juu na chini, ulitikise... mbele yake, mwanangu. Akikutazama, mtazame.