Winifrida Harerimana na Mtihani wa Kitenge

Dada yangu Winifrida alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Heru Juu, Kasulu, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Harerimana na mama yetu Benita, waliokuwa wamekimbia Burundi miaka miwili kabla. Alisoma shule ya msingi hapa hapa na sekondari Kibondo. Kisha akasomea tiba kwa vitendo, kazi ya kumfundisha aliyepooza kula, kuoga na kulima tena.

Kuanzia 2003 alihudumia wagonjwa Kibondo na kambini Nyarugusu. Mwaka 2012 akaanza kufundisha katika chuo cha tiba hiyo. Hapo ndipo mtihani wake ulipovuma. Mwanafunzi alifungwa mkono wa kulia kwa kitenge, akasonga ugali wa muhogo, akaula ameketi mkekani, kisha akaenda choo cha shimo. Aliyeshindwa hakugusa mgonjwa. Hata mumewe Niyonzima, aliyefunga naye ndoa 2005, anasema alivishwa kitenge kabla ya pete.

Mwaka 2019 mkuu wa idara, Mwalimu Venanti, aliufuta mtihani huo. "Mama Divine, hiki ni chuo, siyo jiko," alimwambia dada mbele ya wanafunzi. Wakaanza kupimwa kwa uma, kiti kirefu na choo cha kukalia. Dada alibisha mpaka akaondolewa kazini. Sisi familia hatujasahau, wala hatuna mpango huo.

Februari 2025 kiharusi kilimpoozesha upande wa kulia. Alitumwa Floribert, kijana aliyehitimu kwa Mwalimu Venanti, akamfundisha kushika uma na kuinuka kitini. Dada akamuuliza kwa ulimi mzito, "Mwana wanje, mwanangu, na chooni kwetu je?"

"Mama, hiyo hatukufundishwa."

Tarehe 9 Mei alianguka chooni, akavunjika nyonga. Alifariki tarehe 21.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, Divine na Ange, na mimi mdogo wake, Mpawenimana, ninayesoma haya kwa hasira. Ameacha pia agizo: "Venanti akija kunizika, mfungeni kitenge. Akiweza, msameheni. Akishindwa, aurudishe mtihani wangu."

Mwalimu, tumekuona hapo mbele. Tukitoka makaburini, sufuria, unga na mkeka vinakungoja, na hapa msibani hakuna atakayekula kabla yako. Kitenge ni hiki. Atakayekufunga ni Floribert, ameomba mwenyewe.

Dada, pumzika kwa amani. Mwalimu, wewe bado.