Bima Inayosubiri Mtu Azidiwe

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mwenyekiti wa Bodi ya Mfuko wetu wa Bima ya Afya pamoja na wajumbe wako, Mkurugenzi Mkuu, waganga wakuu mlioacha hospitali zenu ili mje kula keki yangu, watumishi wenzangu, na ninyi wanachama, ambao itifaki imewaweka mwisho ingawa ukumbi huu, viti hivi na hata kipaza sauti hiki vimetokana na michango yenu: nawasalimu nyote, na nyie wa mwisho nawasalimu mara mbili.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi. Mkurugenzi Mkuu naye amenivuta pembeni akaniambia kwa ule upole wake, "Daktari, leo ni siku ya furaha." Nimemwelewa. Maana yake ni kwamba leo nisianze. Ndugu zangu, leo nastaafu. Nisipoanza leo, nitaanza lini?

Mmenisifu sana asubuhi hii. Mmesema nina msimamo, neno ambalo ofisini kwetu hutumika kwa mtu mbishi akiwa anaondoka. Mmesema nimekuwa sauti ya wazee. Nawashukuru, lakini ningependa kuuliza: sauti ya wazee ilisikika wapi? Maana mimi nimeipaza tangu nikiwa daktari wa wodi, nikaja nayo hapa Mfuko nilipofanywa Mkurugenzi wa Mafao, na ninaondoka nayo ikiwa imekauka.

Nilipoanza udaktari, mgonjwa wa miaka themanini alikuwa habari. Tuliwaita wanafunzi waje wamwone. Leo pitieni wodi yoyote mkahesabu vitanda. Wa miaka themanini ndio wanaowaambia wa sabini wapunguze kelele. Hiyo ni habari njema! Tulichanja, tukachimba visima, tukatibu presha, watu wakaacha kufa mapema. Tulikuwa tunataka nini kingine? Lakini kila mwaka tukikaa kwenye bajeti, mtu mmoja hushika kichwa na kusema, "Jamani, hawa wazee wametoka wapi?" Wametoka wapi? Mheshimiwa Waziri, hakuna mtu anayezeeka kwa kushtukiza. Kila mzee aliyepo wodini alitupa taarifa ya miaka sitini.

Naomba niwasimulie habari za mzee mmoja, kwa sababu tukisema "wazee" tunaona tarakimu, na tarakimu haina jina.

Alikuwa mama mshonaji, mtaa mzima ukimwita Bibi Vifungo, kwa kuwa sare ya shule haikutoka mikononi mwake ikiwa na kifungo kinacholegea. Alikuwa akikivuta mbele yako, kikigoma kung'oka ndipo anakukabidhi. Aliishi na binti yake, msusi, anayesuka watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao huku mama akishona dirishani. Msusi huyo ndiye aliyekuwa akilipia bima yake na ya mama, bila kuruka mwezi.

Bibi Vifungo alikuwa na moyo uliochoka. Moyo wa namna hiyo usiposukuma damu sawasawa, maji hujaa miguuni, kisha tumboni, kisha kwenye mapafu, na mtu huanza kuzama akiwa kitandani kwake. Dawa ipo. Ni kidonge cha bei ndogo, lakini kinahitaji mtu wa kuangalia: mgonjwa apimwe uzito, ukipanda ghafla kidonge kiongezwe, ukishuka kipunguzwe. Muuguzi mmoja na mizani. Basi.

Kitita chetu cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo bima hugharamia, kililipia kitanda, oksijeni, sindano, picha ya kifua na daktari bingwa. Muuguzi wa kwenda nyumbani hakikumlipia. Mizani hakikuilipia. Kwa hiyo Bibi alikuwa analetwa amevimba, anahema kama aliyekimbizwa, tunamkausha, anarudi nyumbani anatabasamu, na baada ya muda analetwa tena. Wauguzi wa wodi yangu walikuwa wameshamzoea hadi wakawa wanampelekea magauni yao yatiwe zipu.

Siku moja nilimkaripia binti. Nikamwambia, "Mwanangu, kwa nini unamleta akiwa amezidiwa hivi? Miguu ilianza kuvimba wiki iliyopita, hukuiona?"

Akanitazama. Mikono yake ilikuwa bado inanuka mafuta ya nywele. Akasema, "Niliiona, Daktari. Nilimpeleka kliniki, wakaniambia kumwangalia kila siku si kazi ya bima. Bima yenu inamtaka mama akiwa mahututi. Basi nikasubiri awe mahututi."

Nilihamia Mfuko nikitafuta jibu, nikidhani lipo huku juu.

Huku juu nilikuta nini? Nilikuta mfuko ambao fedha zinatoka kwa mlango mpana na kuingia kwa tundu la sindano. Wataalamu wetu wa hesabu za bima wamesema, wamechora, wamerudia: wazee wanaongezeka, watoto wanapungua, vijana wenye ajira za kukatwa mshahara ni wachache, na waliojiajiri wanajiunga wakishaugua na kutoweka wakishapona. Akiba tunaitafuna. Kila mtu aliyeketi kwenye meza hii ya mbele analijua hilo, na kila mmoja akishika kipaza sauti kwenye mikutano ya hadhara anasema neno moja: bure. Matibabu bure. Wazee bure. Jamani, bure ni nani? Anafanya kazi wapi? Analipwa na nani? Nimemtafuta huyu Bure kwenye orodha ya wachangiaji wetu, sijamwona.

Mtakumbuka tulifanya mkutano wa wanachama katika ukumbi wa shule, kuomba maoni kuhusu kupandisha michango. Nilikuwa mezani mbele. Akasimama kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, amevaa ovaroli iliyotobolewa na cheche. Akasema, "Mama, mimi tangu nizaliwe sijalazwa hata siku moja. Kwa nini nimlipie bibi wa mtu?"

Ukumbi ukapiga makofi. Mwisho wa safu akainuka msusi wetu. "Mdogo wangu, huyo bibi wa mtu ndiye aliyekushonea kaptula ya shule."

"Na nikamlipa, dada," akajibu kijana, na makofi yakazidi.

Mimi nikaanza kuvimba kwa hasira. Lakini yule fundi hakuketi. Akasubiri watu wanyamaze, akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Mimi sikatai kumsaidia. Mama yangu ana kisukari. Nina watoto wawili. Kuna siku napata kazi, kuna siku nashinda nimekaa. Mnataka kunikata sawasawa na mwenye maduka sita. Sawa, nikateni. Ila niambieni kitu kimoja: mimi nikifika umri wa bibi huyo, huu mfuko utakuwepo?"

Hakuna aliyepiga makofi. Msusi mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Na hasira yangu ikaongezeka, safari hii kwa sababu kijana alikuwa na haki, na msusi alikuwa na haki, na wote wawili walikuwa wanagombana wao kwa wao wakati waliotakiwa kujibu tumekaa mezani na chupa zetu za maji.

Mnajua tulimjibu nini? Mwenzetu wa kitengo cha uhusiano kwa umma aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Swali lako tumelipokea."

Tumelipokea! Ofisi hii inapokea kuliko posta. Tumepokea maswali, tumepokea maoni, tumepokea ushauri wa wataalamu wa ndani na wa nje, na tukishapokea tunafunga mlango. Nilipeleka hoja Bodini: kila mtu achangie kwa kadiri ya kipato chake, viwango vipandishwe polepole kabla akiba haijaisha, na tuanze kuwatibu wazee majumbani mwao, maana kitanda cha hospitali ndicho kinachotumaliza. Nikaambiwa, "Daktari, hoja nzuri, lakini si wakati wake." Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Uchaguzi ukapita, nikarudi. Nikaambiwa serikali ni mpya, tuipe nafasi. Ikapata nafasi, nikarudi. Nikaambiwa sasa uchaguzi umekaribia.

Hata hivyo, nisiwaonee. Mara moja mlinikubalia. Mliniruhusu nifanye majaribio katika mtaa mmoja, na nikauchagua ule wa Bibi Vifungo, na sioni haya kulisema. Tukampeleka muuguzi, kijana mchangamfu, na mizani yake kwenye begi mgongoni. Nilimsindikiza siku moja. Bibi alikuwa dirishani anashona. Msusi alikuwa na mteja, nusu ya kichwa imesukwa.

Muuguzi akaweka mizani sakafuni. Bibi akapanda, akashikilia ukuta.

"Bibi, usishike ukuta, unatuibia kilo."

Akaachia. Muuguzi akainama kusoma. "Bibi, umekula chumvi."

"Nimeonja tu, mjukuu wangu."

"Mizani inasema umekula."

"Hiyo mizani mbona inasema sana! Haina kazi nyingine?"

Yule mteja akacheka mpaka msusi akamshika kichwa atulie. Muuguzi akaongeza nusu kidonge, akaahidi kurudi baada ya siku chache, akaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba yenyewe. Haikuwa na mashine wala utepe wa kukata. Na Bibi Vifungo, ambaye wodi yangu ya zamani ilimjua kama mpangaji, alipitisha msimu mzima wa mvua nyumbani kwake. Msusi alianza tena kufungua mapema, kwa kuwa hakuwa akikesha hospitali. Wazee wengine wa mtaa ule nao hivyo hivyo. Matumizi ya Mfuko kwa mtaa ule yakashuka. Tukaandaa warsha kusherehekea. Mlikuja. Mlikula. Mkapiga picha na muuguzi.

Halafu majaribio yakafungwa. Sababu niliyopewa ni kwamba muda wa majaribio umekwisha. Nikauliza, si yamefaulu? Nikajibiwa, ndiyo, yamefaulu, kwa hiyo yamekamilika. Ndugu wageni waalikwa, nimesoma miaka mingi, na mpaka leo sentensi hiyo sijaielewa.

Muuguzi akarudishwa wodini. Aliwaachia mizani. Msusi akaendelea kumpima mama yake, akaona uzito unapanda, akawa hana wa kumuuliza nusu kidonge au kidonge kizima. Alipokwenda kliniki aliambiwa kile kile alichoambiwa zamani. Basi akafanya alichofundishwa na sisi. Akasubiri.

Safari ile Bibi alipokelewa moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi. Mfuko ulilipa. Lo, tulivyolipa! Mashine ya kupumulia, bingwa wa moyo, bingwa wa figo, dawa ambazo majina yake hayatamkiki. Hakuna aliyesema si wakati wake. Fedha zile zingemlipa yule muuguzi kwa muda mrefu kuliko majaribio yote. Bibi alifariki akiwa na mirija kila mahali, hajaweza kusema neno na binti yake.

Nilikwenda msibani. Msusi alinipokea vizuri, akanitafutia kiti karibu na cherehani. Akaniambia, "Daktari, nawashukuru, hospitali haikunidai hata senti. Ila nieleze kitu. Kama mlikuwa nazo zote hizo, kwa nini mlikataa kutoa kidogo?"

Yupo humu ukumbini. Nimemwalika mimi. Yule pale, karibu na mlango. Dada, simama wakuone. Asante, kaa. Mheshimiwa Waziri, mimi swali lake sikuweza kulijibu, na sina tena cheo cha kujifanya nitalijibu. Hoja ya michango na ya tiba ya nyumbani, ile ile iliyozungushwa Bodini, iko kwako tangu mwaka jana. Ukiipitisha, kuna watu watakuzomea, nami sitakudanganya. Waliochuma vingi watalalamika zaidi. Lakini yule fundi ukimpatia jibu la kweli, utaona atatoa mchango wake. Alichokataa ni kuchangia chombo kinachovuja huku wenye chombo wanapiga makofi. Na usiseme umelipokea. Tafadhali, nakuomba kama mama mtu mzima, useme neno lingine lolote.

Namshukuru mume wangu, aliyeisikiliza hotuba hii jikoni kwa miaka mingi akiwa mwenyekiti, katibu na wajumbe peke yake. Nawashukuru wataalamu wetu wa hesabu, watu wanaosema kweli na kupuuzwa kwa heshima zote. Namshukuru muuguzi wetu, ambaye hayupo hapa kwa sababu yuko zamu.

Jambo la mwisho. Kanuni zetu zinasema mkurugenzi akistaafu anapewa kadi ya wakubwa: matibabu popote, hata nje ya nchi, bila kuchangia, mpaka afe. Nimeirudisha. Msinipigie makofi, sijafanya hivyo kwa wema. Nimefanya kwa hasira. Jana nilikwenda kwenye dirisha la wanachama hapo chini nikajiandikisha upya. Karani akaniambia, "Daktari, wewe si unayo ile nyingine?"

Nikasema, "Nataka ya kawaida."

Akainama akaninong'oneza, asiniaibishe, "Daktari, ya kawaida ina foleni."

Nikamwambia, "Najua, mwanangu. Inua kichwa uone niliosimama nao."

Waheshimiwa, mtumishi hulalamika kwa adabu, kwa kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Hivyo ndivyo nilivyolalamika mpaka leo. Jumatatu mimi ni mwanachama, ni mzee, nimelipa, na sina kazi nyingine ya kufanya. Mlango wa ofisi zenu naujua, na saa mnazofika pia nazijua.

Mmenivumilia kwa masikio yenu yote, nami nawashukuru sana. Tutaonana Jumatatu.