Riwaya Mkononi

Kwenye basi, mbele yangu, dada fundi cherehani mwenye futi ya kupimia shingoni alikuwa akisoma riwaya ya mapenzi iliyoandikwa kwa barua na baruapepe tupu. Mama aliyekaa kando yake akachungulia.

"Mwanangu, barua za watu hizo!"

"Ni hadithi, mama. Mchumba wangu amesema akinikuta nayo tena, ndoa hakuna."

"Basi itupe! Huyo wa kitabuni atakulisha?"

"Kwani wangu ananilisha? Huyu akikosea, anaomba radhi kurasa mbili. Wangu hununa wiki nzima."

Mama akasema ni aibu, ila macho yake hayakutoka kwenye ukurasa.

Basi likasimama. "Mchumba wangu yule pale, ananisubiri," alisema fundi. Nilidhani ataificha riwaya mkobani. Alishuka nayo mkononi, imefunuliwa, huku akisoma.