Ilikuwa Zamu Yangu

Sogezeni viti, wanangu, nyote wawili, na wewe Sigbjørn vua hilo koti, maana mtu aliyevaa koti husikiliza kwa sikio moja, na la pili huliacha bandarini likingoja feri. Oddny, mwambie muuguzi aliyeleta kahawa atupishe kidogo. Nina maneno, na pumzi niliyobaki nayo ni ya kupima kwa kijiko, kwa hiyo msinikatize.

Ya mali nitayasema upesi kwa kuwa ni machache. Nyumba yetu ya Indre Skår msiigombanie, wala asilale mtu ndani yake majira ya baridi. Kiangazi nendeni, mkate nyasi, mpake rangi ule ubavu wa magharibi ambao mvua imeula. Kitanda cha kuchonga ni cha Oddny. Sufuria kubwa ya shaba ya kupikia jibini ya kahawia ni yako, Sigbjørn. Najua hupiki, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiikwangua ukoko kwa kijiko. Mbuzi mlikwisha kuwauza, na siwalaumu.

Basi. Linalonikaa kifuani ni jingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa na kifo, nataka nijiumbue mwenyewe nikiwa bado naziona nyuso zenu.

Mlikua mkiambiwa kwamba Anders baba yenu, ile siku ya Februari, alijiendea mwenyewe zizini kwa bidii yake. Bidii alikuwa nayo. Lakini kukamua kwa asubuhi kulikuwa kwake, na kukamua kwa alasiri kulikuwa kwangu. Theluji ilikuwa imeanguka siku nne mfululizo, kisha upepo ukageuka kuwa wa joto, na mimi nikasimama dirishani nikautazama mlima, nikaogopa theluji hiyo isije ikaporomoka. Nikamwambia, "Anders, kichwa kinaniuma, nenda wewe leo." Kichwa hakikuwa kikiniuma. Akanitazama, na nadhani alijua, akasema tu, "Haya, mama Oddny, bandika viazi," akavaa viatu akatoka. Viazi havijachemka, mlima ukaiachia theluji yake yote. Haukunguruma kama watu wasemavyo. Ulikuwa kama mtu aliyevuta pumzi, halafu zizi halikuwapo, wala mbuzi kumi na mmoja, wala baba yenu.

Ilikuwa zamu yangu, wanangu. Miaka hamsini na mitano nimelilalia neno hilo.

Usijibu, Sigbjørn. Usiniambie kwamba hukasiriki. Kasirika kwanza, kisha urudi.

Tangu siku hiyo hofu iliingia mle ndani ikawa ndiyo mwenye nyumba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nilishtuka kwa kila tone lililodondoka paani. Wewe Sigbjørn nilikufunga kwa kamba ya kufungia majani kwenye nguzo ya mlango mpaka ukatimiza miaka minane, wenzako wakakuita beberu wa Gudveig, kwa jina langu, na mimi kamba ile nikaiita mapenzi. Wewe Oddny nilikufundisha kuhesabu magonjwa kabla hujajua kuhesabu vidole. Leo nakuona ukijaribu kitasa cha mlango mara tatu, wanao wakichelewa dakika tano unapiga simu huku midomo imekauka, na mbegu hiyo najua ilitoka kwenye ghala la nani. Mliondoka mwaka uleule mmoja, huyu mjini Bergen, huyu kwenye mitambo ya mafuta huko baharini, nami sikuwaaga kwa baraka. Niliwaambia, "Mtakufa huko." Neno hilo nalifuta leo, kama neno la mzazi hufutika.

Nikabaki peke yangu. Kanisani nilikwenda, lakini nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, nipate pa kukimbilia. Ile zaburi ya mtu anayeinua macho kuitazama milima, wakiianza tu mimi nafunga kitabu. Nilisema moyoni, mwenye akili gani atatafuta msaada mlimani? Huo ndio ulionilia mume.

Sasa nisikilizeni habari ya Borghild, yule jirani wa ng'ambo ya kijito niliyewakataza msicheze na watoto wake. Kosa lake lilikuwa hili: siku ya mazishi, mbele ya watu na vikombe vyao, aliniuliza, "Kwani Gudveig, alasiri si huwa unakamua wewe?" Aliuliza tu, masikini, kama mtu anayeuliza saa. Nilimwambia asikanyage kwangu tena, na miaka kumi na tisa hakukanyaga.

Mwaka niliotimiza hamsini, Februari ikaja na upepo uleule. Nilishika kitasa, nikashindwa kukigeuza. Nikaketi sakafuni jikoni. Kuanzia asubuhi mpaka alasiri mbuzi walilia huko kwenye zizi jipya, viwele vimewajaa, nami nawasikia na siinuki. Mara nikasikia hatua, kisha mbuzi mmoja mmoja wakanyamaza, na mlango ukasukumwa. Borghild huyo, ndoo mbili za maziwa mkononi, theluji mpaka magotini.

"We Gudveig! Mbuzi wako wanalia mpaka kwangu wanasikika. Umekufa, au umenuna tu?"

Nikasema, "Naogopa."

Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Akaweka ndoo chini, akajishusha kwa taabu akaketi sakafuni ubavuni kwangu, goti lake bovu kalinyoosha mbele.

"Na mimi je? Unadhani mlima huo uliandikiwa wewe peke yako?"

"Ilikuwa zamu yangu, Borghild."

"Najua," akasema. "Ningekwambia siku nyingi, kama ungenifungulia mlango."

Nilingoja anihukumu au anihubirie. Hakufanya hata moja. Alinishika mkono, na mkono wake ulinuka maziwa, akaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia: "Bwana, tuko wawili hapa na tunaogopa. Njoo ukae nasi. Amina." Kisha akasema, "Haya inuka, goti hili peke yangu siliwezi." Tukainuana. Akanishika kiwiko mpaka zizini, tukarudi, na mlima ukatuangalia tu.

Msinielewe vibaya, wanangu. Hofu haikuondoka siku hiyo, wala haijaondoka. Ila ilishuka kwenye kiti cha mwenye nyumba ikaenda kukaa barazani. Jioni ileile nilifungua ile zaburi niliyoisusa, nikaona kwamba yule mtu naye anauliza. Anautazama mlima na anauliza, kama mimi, msaada utatoka wapi. Na jibu analopata si mlima, ni aliyeufanya mlima. Nililia mpaka nikacheka.

Upweke nao sikusema uliisha. Borghild alinitoka miaka tisa iliyopita; asubuhi moja moshi haukutoka kwake, nikajua kabla ya kuvuka kijito. Nyumba ya maombi ya pale kijijini ikafungwa, leo watalii wanaweka humo mitumbwi yao ya plastiki. Krismasi moja nilipika mbavu za kondoo za watu watatu, ninyi mkazuiwa na dhoruba, nikazila peke yangu siku nane. Lakini nikienda zizini niliendelea kusema kama alivyosema yeye, tuko wawili hapa, kwa mazoea tu ya ulimi. Siku moja nilisimama katikati ya njia nikajiuliza, wawili, mimi na nani? Nikajua kwamba sisemi uongo.

Oddny, hili ni lako. Sikwambii usiogope; nilikuambukiza mwenyewe, nitakuamuruje upone? Nakwambia usiogope ukiwa umejifungia. Itaje hofu mbele ya Mungu kwa jina lake lilivyo, usiipambe, kisha mfungulie mlango yeyote atakayekuja na ndoo. Na wewe Sigbjørn, usiende nyumbani na kimya. Kimya chetu sisi kimezika wengi kuliko theluji.

Nipe maji. Kidogo tu.

Nizikeni upande wa kushoto wa Anders, na kasisi asinisifu. Aseme ilikuwa zamu yake, na amesamehewa. Asiongeze kitu. Kwa binti yake Borghild, Ingunn, nendeni nyote wawili, kwa miguu, mkamwombe radhi kwa michezo niliyowanyima... Mkamwambie kwamba mama yake alinibeba.

Leteni vichwa. Siwafikii, inameni. Sigbjørn, umeota mvi, mwanangu, lini... Bwana awatangulie mnapotoka. Awangoje mnaporudi. Mkiwa peke yenu, msiwe peke yenu. Niliyowafunga nimewafungua. Niliyowatisha... awatulize Yeye.

Mkono wangu uacheni hapohapo. Naogopa, ndiyo. Si sana.

Semeni amina ninyi. Mimi nitaifuata.