Munira Hajapita

Kijiwe chetu kipo Hombolo, pale barabara ya bwawani inapoingia senta, chini ya paa la bati ambalo mwenyewe alihamia mjini akasahau kulibomoa. Mimi ndiye ninayeuza kahawa na kashata hapo. Jina langu Asnath, ila wanaume wa benchi wananiita Bibi Redio, eti kwa sababu nasikika mbali na sihitaji betri. Jumamosi hiyo mvua ilianza alfajiri, si ile ya kumwagika ikaisha, ni ile ya kunyunyiza inayoleta baridi ya magotini, na vijana walikuwa wanashindana pikipiki kuzunguka bwawa: watoke uwanjani, wapite mashamba ya zabibu, wavuke mbuga ya udongo mweusi, warudi kwa barabara yetu hii. Mpangaji wangu Munira, binti wa Kondoa, alikuwamo. Mwanamke peke yake.

Wala hakuwa anataka kombe. Alichotaka ni kizibao. Kamanda, huyo Khalidi mwenyekiti wa kituo cha bodaboda, alimkatalia kizibao cha kituo tangu mwaka jana, na bila kizibao hupangi foleni na wenzako, unavizia abiria nyuma ya zahanati kama kicheche anayevizia kuku. Munira alipozidi kumsumbua, Kamanda akasema mbele ya watu: “Zunguka bwawa siku ya mashindano, umalize kabla bendera haijashushwa, kwa mkono wako bila kusukumwa na mtu, na mimi mwenyewe nitakuvalisha.” Bendera hushushwa ikilia adhana ya alasiri. Kizibao alikuja nacho kweli. Ila benchi lilikuwa limelowa, akakikalia.

Sasa wenzake wengi walishapita. Munira hajapita.

— Huyo! Huyo ndiye! — Plagi aliruka.

Plagi ni Wilbert, fundi pikipiki, karakana yake ni sanduku moja pembeni ya jiko langu. Tukasimama wote. Pikipiki ilikuja inayumba kama mlevi anayetoka kilabuni, juu yake mtu wa tope tupu, huoni jicho huoni shati.

— Munira mwanangu! Kaza! — nikapaza sauti.

Lile tope likainua mkono, likajibu kwa sauti ya dume la ng'ombe:

— Bibi, niwekee kahawa, nakuja!

Kumbe ni Mbwana wa mashine ya kusaga. Tukakaa.

— Mimi simsubiri mtu, — Kamanda alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

— Mbona unainuka na kukaa kama umekalia siafu?

— Benchi lina maji, Bibi.

— Na kizibao cha watu kinayanywa.

Akajisogeza kidogo, lakini hakukitoa.

Aliyekuwa ametulia ni Itifaki peke yake. Huyu ni Shaaban, alilinda geti la ofisi moja ya serikali mjini mpaka akastaafu, na tangu hapo hakuna jambo analolisema bila kulisimamisha getini kwanza.

— Kwa utaratibu, — alisema, — tusiwe na wasiwasi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo katika mashindano yoyote, mwenye baraka ni wa mwisho.

— Sasa walikuwa wanashindania nini, Mzee Shaaban?

— Hilo waulizwe waandaaji.

Plagi akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Yeye ndiye aliyeiandaa pikipiki asubuhi, Munira akiwa ameenda kuandikisha jina. Aliifungua pale pale mbele ya jiko langu: akatoa vioo, akatoa keria ya mizigo, akainua kiti akatoa na vikorokoro vyote vilivyofungwa chini yake kwa mpira wa tyubu. “Hii ni mbio,” alisema, “siyo safari ya kwenda kupeleka magunia.” Kitu kimoja tu hakukigusa, madigadi ya mbele, kwa kuwa usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameipaka rangi nyekundu na kuandika MUNIRA kwa herufi za kukunjamana, na maua mawili. Binti aliporudi, wenzake walikuwa wameshawasha. Alirukia kiti akaondoka. Vitu vyake vikabaki fungu moja hapo chini ya benchi.

— Maji yameingia kwenye plagi, — Plagi alisema. — Au kabureta. Lakini niliifunga kwa nailoni. Niliifunga mwenyewe. Bibi, uliniona nikiifunga?

— Nilikuona ukichora maua.

— Maua ni ya mwisho. Nilianza na nailoni.

Itifaki aliinama, akaokota kijiti kwenye lile fungu, akachora chini kwenye vumbi lililobaki kavu.

— Tazameni. Bwawa hili hapa. Mbuga hii hapa. Mtu akifika mbuga mvua ikamziba macho, kwa utaratibu huwa anaendelea mbele. Akiendelea mbele, hasimami. Munira sasa hivi yuko Mvumi.

— Mvumi! — Plagi alishika kichwa. — Mvumi ni upande mwingine kabisa, mzee wangu, mpaka uvuke huku kote!

— Ndiyo maana amechelewa.

Kamanda alimnyang'anya kile kijiti, akaanza kukwangua tope kwenye buti zake, kwa nguvu, kama buti zimemtukana. Kijiti kilikuwa kizuri, mti wa mkole, kimechongwa bapa nchani mfano wa ulimi. Tope lilitoka vipande vizima vizima.

Ikapita nyingine. Tope juu ya tope. Hatukuita jina safari hii, tuliangalia tu, na yule mtu hakuinua mkono. Alikuwa mwanamume, alijikohoza.

Mimi ninapokuwa na hofu mdomo wangu hautulii, na siku hiyo ulikuwa unatembea wenyewe.

— Mnamjua Yahaya yule wa Chemba? Anayeleta asali?

— Amefanya nini? — Kamanda aliuliza upesi.

— Sijasema amefanya. Nasema asali anayomletea Munira si ya kuuza. Chupa nzima! Na yeye yumo kwenye mashindano. Mvua hii, baridi hii, watu wawili, mti mmoja wa kujikinga. Labda wanapoza injini.

— Yahaya alishapita, — Kamanda alisema.

— Ulimtambuaje, na tope lile?

— Nilimtambua.

— Kumbe ulikuwa unamwangalia yeye.

Plagi alipiga paja. Kamanda alitupa kijiti miguuni pangu, akasimama, akaenda mpaka ukingoni mwa bati ambako matone yanaanguka, akatazama upande wa bwawani, akarudi, akakalia kizibao tena. Nami nikakiokota kile kijiti, nikachokoa mkaa, maana moto ulikuwa unasinzia na kahawa ya vuguvugu ni dhambi.

— Mimi niliweka sharti nikijua, — alisema polepole. — Mbuga ile nilizama mimi mwenyewe mwaka juzi. Nilivutwa na trekta. Nilijua hawezi kumaliza.

— Kwa hiyo ulimchimbia shimo?

— Nilitaka aache kunisumbua, Bibi. Kila asubuhi, “Shikamoo mwenyekiti, kizibao changu.” Kila asubuhi! Na wenzangu wanasema mwanamke akipanga foleni, abiria wote wa kike watamkimbilia yeye. Niwajibu nini?

— Sasa unahangaika nini, kama ulijua?

Akaomba kahawa. Nikampa, na hakuinywa.

— Ile mbuga ina mdomo, — Itifaki alishusha sauti. — Hamkumbuki ng'ombe wa marehemu Mazengo? Alizama pale mchana kweupe, pembe na kila kitu. Baada ya mwezi akaibukia Kondoa, katikati ya shamba la watu. Wenyewe wakasema riziki haikataliwi, wakamla.

— Nani alikwambia?

— Aliyekula. Ila kengele haikutoka. Ukilala kifudifudi pale unaisikia huko chini, nge, nge, nge.

— Kwa hiyo Munira yuko njiani kwenda Kondoa?

— Kwa utaratibu, si ndiko kwao?

Plagi hakucheka. Alikuwa ameshika kioo kimoja cha pikipiki anakizungusha mikononi.

— Hapana, — alisema. — Kosa ni langu. Nimeipunguza uzito mno. Vioo, keria, kila kitu. Mmeuona upepo wa leo? Mimi naona upepo umembeba.

Tukamtazama. Alikuwa hatanii. Macho yalikuwa yamelowa na hakuwa amenyeshewa.

— Upepo umbebe mpaka wapi, Wilbert?

— Sijui. Lakini mtu mwembamba vile, pikipiki nyepesi vile... Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga, Bibi.

— Hilo linahusu nini na upepo?

— Nimelikumbuka tu.

Hapo ndipo tulipomwona mtu anakuja kwa miguu kutoka bwawani, baiskeli begani. Baiskeli ndiyo iliyokuwa imempanda. Suruali ameikunja mpaka magotini, na magoti hayaonekani kwa udongo. Aliingia chini ya bati, akautua mzigo wake huo wa chuma, akapumua.

— Shikamoo bibi. Habari za hapa, wazee.

— Marahaba. Mbukwa, baba, — nikamsalimu Kigogo. — Karibu moto.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Itifaki alisema, akimaanisha kwamba mgeni amnunulie kashata.

Mgeni aliitwa Bartolomayo, anatoka ng'ambo ya bwawa kuangalia zabibu za shemeji yake zisioze. Nikamjazia kikombe. Alikipakata kwa mikono miwili bila kunywa, anatetemeka.

— Umepita mbugani? — Kamanda alimuuliza, na safari hii alikuwa amesimama.

— Nimepita. Ile si njia leo, ni ugali. Gurudumu likizunguka mara tatu linaganda, udongo unajaza mpaka juu halizunguki tena. Ndiyo maana nimeibeba.

— Umemwona binti? Kwenye pikipiki?

— Yule wa madigadi nyekundu?

Plagi alidondosha kioo.

— Nimemwona, mzima. Injini yake inanguruma vizuri kabisa, huyo fundi wake Mungu ambariki. Shida ni madigadi. Udongo umejaa kati yake na tairi, umeshindilia kama tofali. Anachimba kwa vidole, anatembea kidogo, unajaa, anashuka, anachimba. Vidole vinatoka damu. Nikamwambia mwanangu ngoja nikusukume. Akanifokea! “Usiniguse, baba, ukinigusa sijamaliza.” Nikampa spoku ya baiskeli yangu achokolee. Ikakunjika.

— Yuko mbali?

— Pale mwisho wa mbuga, kwenye mkuyu uliokatwa. Si mbali. Lakini kwa mwendo ule, jua litazama. Mara analia, mara anatukana, mara anainua kiti anatafuta kitu chini yake, anakosa, anakifunga. Baadaye anainua tena, anatafuta pale pale. Kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua.

Mgeni alikunywa kahawa, akaweka kikombe, akanyoosha mkono kwangu.

— Bibi, samahani, niazime hicho kijiti nikwangue baiskeli.

Nikampa. Alianza kuchokoa kwenye gurudumu, na ile ncha bapa iliingia kati ya chuma na mpira kama imepimwa. Udongo ukaruka. Mara moja tu, gurudumu likazunguka. Akasimamisha mkono, akakigeuza kijiti, akakiangalia: ncha iliyochongwa, shina lililosuguliwa likang'aa kwa kushikwa, na kipande cha mpira wa tyubu kilichobaki kimefungwa upande wa juu. Kisha akatutazama, mmoja mmoja, si kwa ubaya.

— Hiki sasa, — aliuliza, — kinafanya nini hapa?

Itifaki alitazama ramani yake chini. Kamanda alitazama buti zake safi. Plagi alikaa juu ya sanduku lake akaziba uso. Mimi nilikuwa na majivu vidoleni, nikayafutia kwenye kanga, na Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikuwa na neno.

Aliyetangulia kunyanyuka ni Kamanda. Alichukua kijiti mkononi mwa mgeni, akakichomeka ndani ya koti, akafunga zipu mpaka kidevuni.

— Ukimpelekea, si umemsaidia? — Itifaki alisema. — Kwa utaratibu wako mwenyewe...

— Nilisema asisukumwe na mtu. Mti si mtu. Na cha kwake ni cha kwake.

— Na akimaliza?

Kamanda alikuwa ameshapiga kiki. Pikipiki yake iliteleza pale pale kwenye mfereji wetu, ikamlaza ubavu. Plagi alikimbia kumwinua. Akamfukuza kwa mkono, akajiinua, akaipiga kiki tena, akaondoka anaparaza miguu chini pande zote mbili, tope linamrukia mgongoni, mpaka kona ya barabara ya bwawani ikammeza.

Mvua iliongeza kidogo. Kutoka msikitini tulisikia kipaza sauti kikikwaruza, mtu anakipuliza kukijaribu, puu, puu, kisha kikanyamaza.

— Bado, — alisema Plagi. — Anakijaribu tu. Bado, si ndiyo, Bibi?

Benchini kizibao kilikuwa kimebaki, kimejikunja kwa umbo la makalio ya mwenyekiti, kinachuruzika maji. Nikakikamua, nikakitandaza kwenye kiti changu karibu na jiko ili kikauke, upande wa namba ukitazama moto. Moto ulikuwa unataka kuzimika. Nikanyoosha mkono pembeni nichokoe mkaa, mkono ukapapasa, ukapapasa, na hapakuwa na kitu.