Wodi Ilifunguliwa, Nami Nikaishi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na kwangu hilo si jambo dogo. Naitwa Editha, mke wa Damiani, mkulima wa ufuta na korosho hapahapa Nanganga.

Mimba yangu ya kwanza ilitimia wakati hospitali yetu ya jamii imefunga wodi ya wazazi. Fedha za serikali za kuwalipa wakunga na kununua dawa zilikuwa zimesimama. Uchungu ulinikuta shambani. Damiani akanipakia kwenye bodaboda, mama mkwe akanikumbatia kwa nyuma, tukashika njia ya Nachingwea. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Hatukufika. Nilijifungua mtoto wa kiume kando ya njia, juu ya khanga ya mama mkwe. Hakulia.

Ndugu zangu, nilipopata mimba tena, hofu ilikuja nayo. Mtoto akicheza tumboni, wengine hufurahi. Mimi nilihesabu miezi iliyobaki, maana wodi ilikuwa bado imefungwa. Nikawa naomba, Bwana, nifungulie njia.

Ndipo diwani akaitisha mkutano wa kijiji. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya wanaume, lakini siku ile sikuweza kuendelea kukaa. Nikasimama na tumbo langu.

"Mheshimiwa," nikasema, "kila msimu korosho zetu zinakatwa ushuru. Mimi nimezika mtoto. Huyu naye nikamzalie wapi?"

Kisha Bi Somoe, jirani yangu Mwislamu, akaja kusimama karibu nami. Akina mama wengine nao wakasimama. Diwani aliahidi kulifikisha jambo hilo halmashauri. Wengi hawakuamini, nami moyo ulisitasita. Tukawa tunamfuata nyumbani kwake kumkumbusha, tena na tena, huku tumbo langu likizidi kushuka. Mungu ni mwema, fedha zikapitishwa. Wakaletwa wakunga, dawa, na jokofu la kutunzia damu.

Nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzalia pale. Mtoto alitoka asubuhi, akalia, nami nikacheka. Lakini damu haikukatika. Ililowesha khanga, ikalowesha godoro, ikaanza kudondoka sakafuni. Mkunga alinikandamiza tumbo kwa mikono yote miwili, mwenzake akanichoma sindano. Bado ilitoka. Masikio yakaziba. Nilimwona Damiani mlangoni, midomo inacheza, simsikii. Akiba ya damu ya kundi langu ilikuwa imeisha. Wakampima Damiani, yake haikulingana na yangu.

Bi Somoe alikuwa ameniletea uji. Akauweka chini, akakunja mkono wa baibui.

"Nipimeni mimi," akasema.

Ikalingana! Wakamlaza kitanda cha pili. Mimi sikuwa tena na nguvu ya kuomba sala ndefu. Nilibaki na jina moja tu moyoni, Yesu, Yesu, nikaling'ang'ania kama mtu anayezama. Kisha giza.

Nilipofumbua macho, damu ya jirani yangu ilikuwa inaingia mkononi mwangu tone kwa tone. Mkunga alikuwa bado amenishika tumbo, jasho linamtiririka.

"Mama, imekatika," akaniambia.

Ndugu zangu, nililia mpaka nikachoka. Wakanilazia binti yangu kifuani. Ndiye huyu anayewasumbua hapo mbele kwa kelele zake.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wakunga, na Bi Somoe ambaye hatuabudu pamoja lakini damu yake inatembea mwilini mwangu. Nawasihi, mtumainini Bwana, na mkiitwa mkutanoni msikae kimya. Nawe dada uliye mjamzito, unayeketi hapo ukiificha hofu yako, usiende peke yako. Uchungu ukianza, nitumie mtu. Nitakuja, nitakushika mkono, tutakwenda wodini pamoja, na Mungu atatutangulia.